Ipomea ya Vidole Vitano katika Kibera na Kawangware: Mmea, Mtawanyiko Wake na Suala la Jina

1.0 Utangulizi

Majina ya mitaa miwili tunayoishughulikia katika makala haya yana asili katika mazingira ya viumbe hai. Kibera limetokana na neno kibra, ambalo kwa Kinubi lina maana ya msitu. Neno hilo lilitolewa na wanajeshi Wanubi wa jeshi la King's African Rifles waliokaa mahali hapo pamoja na jamaa zao tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Kawangware nalo huhusishwa na neno la Kikuyu ngware, yaani kwale. Leo sehemu kubwa ya msitu huo imegeuka makazi, na mtu akitaka kumwona kwale hawezi kumtafuta katika vichochoro vya Gatina. Hata hivyo, upo mmea mmoja wa mwitu ambao haukuondoka watu walipozidi. Unapanda juu ya nyua za mabati, unazunguka nguzo, unafunika ua wa kayaba, na kila asubuhi unafungua maua ya rangi ya zambarau hafifu yenye umbo la tarumbeta. Wataalamu wa mimea wanauita Ipomoea cairica.

Wakazi wengi wanaujua mmea huu kwa macho. Wanaupita wakienda kazini, na watoto huyachuma maua yake wakicheza. Anapoulizwa jina lake kwa Kiswahili, mkazi hujibu kwa maneno ya jumla: maua, magugu, majani, au ile kamba. Hapo ndipo mwanafunzi wa Kiswahili anapopata kazi. Makala haya yananuia mambo matatu: kwanza, kueleza maumbile ya mmea wenyewe, pili, kuonyesha mtawanyiko wake na sababu za mtawanyiko huo, na tatu, kulijadili suala la jina. Hoja yetu kuu ni kwamba jina la mmea haliwezi kuundwa vyema mezani kabla mmea wenyewe haujatambuliwa uwandani. Katika mitaa hii kosa la jina linaweza kuwa kosa la chunguni, kwa sababu mmea huu ni ndugu wa karibu wa kiazi kitamu, na ndugu hao wawili hukua pamoja kando ya mto uleule.

2.0 Jamaa ya mmea

Mmea huu umo katika familia ya Convolvulaceae. Jenasi yake, Ipomoea, ina spishi zaidi ya 600 duniani, nyingi zikiwa za nchi za joto. Mswidi Carl Linnaeus aliuelezea mwaka 1759 kwa jina la Convolvulus cairicus, yaani mtambaa wa Kairo. Mwaka 1826 Mwingereza Robert Sweet aliuhamishia katika jenasi ya Ipomoea, na hivyo likapatikana jina linalotumika hadi leo. Neno Ipomoea limeundwa kwa maneno mawili ya Kigiriki yenye maana ya mnyoo na kufanana, kutokana na jinsi mashina ya mimea hii yanavyojisokota.

Historia hii fupi ina funzo kwa mwanaisimu. Sehemu moja ya jina inautaja mnyoo, ilhali mmea si mnyoo. Sehemu ya pili inautaja mji wa Kairo, ilhali mmea unaota katika sehemu kubwa ya Afrika na nje ya Afrika. Kwa hiyo jina la kisayansi ni kitambulisho, wala si maelezo kamili ya kitu. Nguvu yake inatokana na makubaliano: mtaalamu wa Nairobi na wa Tokyo wakilitaja, wote wawili wanakusudia mmea mmoja.

Jamaa za mmea huu zinajulikana vyema katika Afrika Mashariki. Wa kwanza ni kiazi kitamu, Ipomoea batatas, ambacho asili yake ni Amerika. Wa pili ni mlakasa, Ipomoea pes-caprae, unaotambaa juu ya mchanga wa fuo za Bahari ya Hindi. Wa tatu ni Ipomoea hildebrandtii, kichaka ambacho kimewasumbua wafugaji wa Kajiado kwa kuyasonga malisho ya ng'ombe. Mpangilio wa kitaalamu wa familia hii katika eneo letu ulifanywa na Bernard Verdcourt katika juzuu ya mwaka 1963 ya mfululizo wa vitabu vya mimea ya Afrika Mashariki ya kitropiki. Kwa maua ya nyanda za juu za Kenya, kitabu cha Andrew Agnew kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1974 kimewasaidia wanafunzi wengi. Vyote viwili viliandikwa kwa Kiingereza.

3.0 Maumbile

Mmea huu ni wa kudumu, yaani hauishi msimu mmoja na kufa. Sehemu za mmea tutazieleza moja baada ya nyingine, tukitumia istilahi ambazo msomaji ataweza kuzitumia tena darasani.

Mzizi na shina. Mzizi wake hunenepa na kuhifadhi chakula, jambo linalouwezesha kustahimili kiangazi. Shina ni jembamba, halina manyoya, na mara nyingi lina vinundu vidogo vinavyokwaruza kidogo likipapaswa. Halina mikono ya kushikia kama ya mzabibu. Lenyewe ndilo linalojizungusha kwenye waya, kijiti au shina la mmea mwingine. Linapolala chini, vifundo vyake hutoa mizizi. Kwa sababu hiyo kipande cha shina kilichokatwa na kutupwa penye unyevu kinaweza kuwa mmea mpya.

Jani. Hapa ndipo alama kuu ya utambuzi ilipo. Jani limegawanyika katika sehemu tano, kama vidole vya kiganja, na mgawanyiko huo unafika hadi kwenye kikonyo. Vidole viwili vya chini mara nyingi hupasuka tena, hata mtu akihesabu haraka akadhani ni saba. Jani zima huwa na urefu wa sentimita 3 hadi 10. Chini ya kikonyo, pale kinapoungana na shina, mara nyingi huwapo vijani vidogo vilivyo na umbo la jani kubwa.

Ua. Petali tano zimeungana kuwa faneli moja yenye urefu wa sentimita 4 hadi 6. Rangi yake ni zambarau hafifu, na ndani ya koo la faneli rangi hukolea. Mara chache maua meupe huonekana. Nje, chini ya faneli, pana sepali tano fupi zisizofikia sentimita moja. Ndani mna stameni tano zisizolingana kwa urefu, na stigma yenye vichwa viwili. Ua hufunguka alfajiri na kunyauka baadaye siku ileile jua linapokuwa kali, na kesho yake hufunguka mengine. Anayepita jioni huona vifundo vilivyojikunja tu, akadhani mmea umekwisha kuchanua. Nyuki ndio wageni wake wakubwa wa asubuhi.

Tunda na mbegu. Tunda ni kapsuli ya mviringo yenye kipenyo cha takriban sentimita moja, nayo hupasuka ikikauka. Ndani yake huwamo mbegu zisizozidi nne, nyeusi au za kahawia iliyokolea, zenye manyoya marefu ya hariri kwenye kingo zake. Manyoya hayo huzisaidia mbegu kuchukuliwa na upepo na maji.

4.0 Kuupambanua na ndugu zake

Maelezo ya mmea hayana faida kubwa iwapo hayamwezeshi msomaji kuupambanua na mimea inayofanana nao. Katika Kibera na Kawangware kufanana kunakoleta hatari ni kule kwa kiazi kitamu, kwa hiyo tuanze nacho.

Wengi husema kwamba kiazi kitamu kina jani la umbo la moyo. Kauli hiyo ni kweli kwa baadhi ya aina tu. Zipo aina za viazi ambazo majani yake yamechanika sana, hata yakafanana na vidole. Kigezo cha kuaminika zaidi ni kina cha mgawanyiko. Katika jani la kiazi, hata likichanika vipi, hubaki sehemu ya jani inayoviunganisha vidole pamoja karibu na kikonyo. Katika mmea tunaouzungumzia, kila kidole husimama peke yake hadi kikonyoni. Mwanafunzi alichukue jani, alikunjue juu ya kiganja chake, kisha atazame pale vidole vinapokutana. Hapo ndipo atakapopata jibu.

Ndugu wa pili ni Ipomoea wightii, wa mwitu pia, ambao hukua kando ya misitu na vichaka vya nyanda za juu. Jani lake kwa kawaida ni zima, la umbo la moyo, na upande wa chini lina manyoya meupe laini. Ndugu wa tatu ni Ipomoea indica, mgeni kutoka Amerika aliyepandwa bustanini kwa ajili ya urembo kisha akavuka ua. Maua yake ni makubwa, ya buluu inayogeuka kuwa zambarau, na jani lake ni la umbo la moyo au lenye ncha tatu. Hakuna hata mmoja kati yao wenye vidole vitano vilivyoachana kabisa.

5.0 Mtawanyiko

5.1 Duniani

Ipomoea cairica huonekana katika Afrika ya kitropiki, tangu fuo za bahari hadi nyanda za juu, na pia Asia. Binadamu aliupeleka mbali zaidi kwa kuupenda. Katika Australia, hususan Queensland na New South Wales, ulipandwa kuwa pambo na sasa unahesabiwa kuwa gugu linalofunika miti ya asili. Kusini mwa China, na pia katika Hawaii na Florida nchini Marekani, umeenea vivyo hivyo. Kumbe mmea mmoja unaweza kuwa mwenyeji katika nchi moja na mvamizi katika nchi nyingine. Tofauti hii ni muhimu kwetu, kwa kuwa maandishi mengi yanayoutaja ubaya wa mmea huu yametoka katika nchi ambako ni mgeni. Mwanafunzi wa Kenya akiyanakili bila kutafakari, atamwita mwenyeji mvamizi.

5.2 Nairobi

Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na upande wake wa magharibi hupata mvua ya karibu milimita 1,000 kwa mwaka katika misimu miwili: mvua ndefu za Machi hadi Mei, na mvua fupi za Oktoba hadi Desemba. Baridi ya Julai haifikii kiasi cha kuua mimea ya aina hii. Hali hizo zinaufaa mmea wetu. Hata hivyo hali ya hewa peke yake haielezi kwa nini uonekane zaidi mahali fulani kuliko pengine. Hebu tuyatazame maeneo manne ambayo yanastahili kuchunguzwa.

La kwanza ni njia ya reli. Reli iliyofika Nairobi mwaka 1899 na Kisumu mwaka 1901 inapita katikati ya Kibera. Kingo za reli hufyekwa mara kwa mara, kwa hiyo miti haipati nafasi ya kukua, na jua hufika chini. Mmea wenye mzizi wa akiba na shina linalochipuka upya baada ya kukatwa hufaidika na kufyekwa huko, kwa maana panga linapoondoa washindani wake, wenyewe hurudi kwanza.

La pili ni kingo za mito. Mto Motoine hupita Kibera na kuingia katika bwawa la Nairobi, lililojengwa mwaka 1953 na ambalo baadaye lilifunikwa na gugumaji. Kutoka hapo mto huitwa Ngong. Upande wa Kawangware, maji huelekea katika mto Nairobi, ambao chanzo chake ni kinamasi cha Ondiri karibu na mji wa Kikuyu. Mafuriko hukata mashina, huyabeba na kuyatua chini zaidi penye tope. Kwa njia hii mto wenyewe huwa mpanzi.

La tatu ni nyua. Ua wa kayaba wenye miiba, waya na mabati huupa mmea ngazi ya kupandia bila kuusumbua. Ng'ombe na mbuzi hawafiki juu, na mwenye nyumba mara nyingi huuacha kwa sababu unafunika kutu na kumsitiri dhidi ya macho ya wapita njia.

La nne ni majaa na viwanja vilivyobaki wazi. Taka za bustani zikitupwa humo, vipande vya mashina vilivyomo huota. Kwa hiyo mtawanyiko wa mmea huu katika mitaa hii unafuata nyayo za binadamu: reli yake, ua wake, jaa lake, na mto aliousogelea kwa nyumba zake.

6.0 Faida, madhara na tahadhari

Je, mmea huu ni rafiki au adui? Jibu linategemea mahali na kazi. Juu ya udongo ulio wazi, vifundo vyake vyenye mizizi hushika tabaka la juu na kupunguza nguvu ya matone ya mvua. Nyuki hupata chakula. Ila mizizi hiyo haishiki ukingo wa mto kama inavyoshika mizizi mirefu ya miti. Baada ya mafuriko ya Machi hadi Mei 2024, suala la kingo za mito ya Nairobi lilizungumzwa sana na watu wengi walihamishwa kutoka kwenye kingo hizo. Ardhi iliyobaki wazi hivyo hufunikwa upesi na mitambaa. Mtu anayepanda miche ya miti mahali kama hapo lazima arudi kuifungua, la sivyo itasongwa kabla haijaupita urefu wa goti. Kijani kinachoonekana kwa mbali si ushahidi wa ukingo ulioponywa.

Tahadhari ya pili inahusu kilimo. Mwaka 2008, baada ya vurugu zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, shirika la Kifaransa la Solidarités lilieneza Kibera kilimo cha mboga katika magunia. Tangu hapo bustani ndogo zimekuwa sehemu ya maisha ya kaya nyingi, na viazi vitamu hupandwa katika vipande vya ardhi kando ya reli na mito. Utafiti uliofanywa Uganda umeonyesha kwamba spishi za mwitu za jenasi ya Ipomoea huweza kubeba virusi vinavyovishambulia viazi vitamu. Vidukari na inzi weupe ndio wanaovihamisha virusi hivyo kutoka mmea hadi mmea. Fukusi wa viazi vitamu naye huweza kujihifadhi katika mimea ya mwitu ya jenasi hiyohiyo wakati shambani hamna viazi. Mkulima mwenye kipande kidogo cha ardhi hana budi kuuondoa mtambaa wa mwitu ulio ndani ya viazi vyake na kuchagua marando kutoka mimea yenye afya.

Tahadhari ya tatu inahusu chakula. Pwani ya Kenya na Tanzania majani ya viazi vitamu, yaani matembele, ni mboga. Bara, kaya nyingi huwapa ng'ombe na sungura. Kibera na Kawangware ni mitaa ya watu waliotoka pande zote, kwa hiyo desturi hizo mbili hukutana. Mtu aliyezoea matembele akiona majani yanayofanana nayo kando ya njia, anaweza kushawishika kuyachuma. Isisahaulike kwamba jenasi hii ina spishi nyingi ambazo kemia zake hazilingani. Ipomoea carnea, kwa mfano, inajulikana kwa kuwadhuru mbuzi na ng'ombe. Kuwa ndugu wa kiazi si hati ya kuliwa. Tena majani yaliyoota jaani au kando ya maji machafu hayafai, hata yakiwa ya kiazi chenyewe.

7.0 Suala la jina

Sasa turudi katika uwanja wetu. Kiswahili hakina ufukara wa maneno kuhusu jamaa hii ya mimea. Mzizi unaoliwa unaitwa kiazi, mashina ya kupandia yanaitwa marando, na majani ya mboga yanaitwa matembele. Lugha nyingine zinazozungumzwa katika mitaa hii nazo zina majina ya zao hilo: ngwacĩ kwa Kikuyu, rabuon kwa Kijaluo, mabwoni kwa Kiluhya. Kule pwani mmea wa mchangani usioliwa una jina lake, mlakasa, ambalo ndani yake tunalisikia neno kasa, mnyama wa fuo hizohizo. Tunaona basi kwamba majina yametawanyika kufuatana na kazi na makazi ya wasemaji. Kinachopandwa na kuliwa kimepewa majina matatu, na kilicho mbele ya macho ya mvuvi kimepewa jina moja. Kilichoota juu ya ua wa mabati Kawangware kimebaki kuwa magugu.

Je, upungufu huu una uzito? Tunaona unao. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Lakini mwanafunzi wa sekondari wa Kibera husoma biolojia kwa Kiingereza. Akirudi nyumbani, hawezi kumweleza mama yake ni mmea upi uondolewe katikati ya viazi na ni upi uachwe, ila kwa kuunyoshea kidole. Afisa wa kilimo anayetaka kuandika tangazo kwa Kiswahili hupata shida iyo hiyo, kwani neno magugu halitofautishi chochote.

Njia za kuunda jina ni kadhaa, na kila moja ina faida na hasara zake.

Njia ya kwanza ni tafsiri sisisi ya jina la Kiingereza, ambayo ingetupa utukufu wa asubuhi. Njia hii haifai. Utukufu kwa Kiswahili ni sifa ya Mungu na ya watawala, wala msikilizaji hatafikiria mmea. Aidha jina hilo la Kiingereza hutumika kwa spishi nyingi, kwa hiyo halitusaidii kupambanua.

Njia ya pili ni kupanua maana ya neno lililopo, tukasema mlakasa wa bara. Uzuri wake ni kwamba neno ni la Kiswahili asilia na limo tayari katika ngeli ya mimea, M-MI. Udhaifu wake ni kwamba linawachanganya watu wa pwani, ambao kwao mlakasa ni mmea dhahiri wenye jani jingine kabisa.

Njia ya tatu ni kuunda neno ambatani kwa kurejelea ndugu anayejulikana: kiazi-mwitu. Kiisimu neno hili ni zuri. Ni fupi, linaeleweka mara moja, na lina wenzake kama vile mbwa-mwitu na paka-mwitu. Hata hivyo, kwa sababu tulizozitaja katika sehemu ya 6.0, tunaliona kuwa la hatari. Neno kiazi linakaribisha jembe na sufuria. Huu ni mfano wa jinsi vigezo vya kisarufi visivyotosha peke yake katika uundaji wa istilahi, kwa kuwa ni lazima tuulize pia msikilizaji atafanya nini baada ya kulisikia neno.

Njia ya nne ni utohozi. Jina la jenasi likitoholewa kuwa ipomea, linafuata silabi wazi za Kiswahili na kuingia katika ngeli ya I-ZI bila taabu: ipomea hii, ipomea hizi. Kasoro yake ni kuwa geni na kutomwonyesha msikilizaji chochote. Kasoro hiyo hupungua tukiongeza sifa inayoonekana kwa macho. Ndiyo maana tumetumia katika anwani ya makala haya ipomea ya vidole vitano. Sehemu ya kwanza inamfungulia msomaji mlango wa vitabu vya sayansi. Sehemu ya pili inamkumbusha alama ileile inayoupambanua mmea huu na kiazi. Mtu akipinga kwamba vidole wakati mwingine huonekana saba, tutamjibu kwamba hata Linnaeus aliutaja mji wa Kairo peke yake.

Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyotolewa na TUKI mwaka 1990 ilionyesha kwamba istilahi za sayansi kwa Kiswahili zinawezekana. Kazi iliyobaki kwa kizazi chetu ni kuzishusha istilahi hizo hadi kwenye ua wa jirani.

8.0 Kazi ya uwandani

Jina tulilopendekeza ni la kazi tu, nalo litangoja hukumu ya wasemaji. Huenda tayari kuna jina katika Kinubi cha wazee wa Kibera, katika Kikamba, au katika Sheng ya vijana wa Kawangware, ambayo hubuni maneno kila siku. Wanachama wanaotaka kulitafuta wanashauriwa kufuata utaratibu ufuatao.

Kwanza, nendeni asubuhi maua yakiwa wazi, na mchukue kipande cha mmea chenye jani, ua na, ikiwezekana, tunda. Pili, kikandamizeni kati ya kurasa za gazeti, mwandike tarehe, mahali, na jinsi mmea ulivyokuwa: juu ya ua, kando ya mto au jaani. Tatu, mwonyesheni msemaji mmea wenyewe badala ya picha, na muulize swali lililo wazi, kama vile, "Huu mnauitaje?" Msitaje jina lolote kabla yake, kwa maana mwenye adabu huenda akakubali jina lenu ili asiwavunje moyo. Nne, andikeni umri wa msemaji, lugha yake ya kwanza na muda aliokaa mtaani, lakini msiandike jina lake iwapo hakutoa idhini. Tano, ombeni utambuzi uthibitishwe katika hifadhi ya mimea ya Makumbusho ya Taifa, Nairobi, au ile ya Chuo Kikuu cha Nairobi iliyoko Chiromo. Jina lisiloambatana na sampuli iliyotambuliwa halina thamani kubwa kitaaluma, kwa sababu hatutajua kamwe lilikuwa jina la mmea gani.

9.0 Hitimisho

Tumeona kwamba ipomea ya vidole vitano ni mmea wa kudumu unaotambulika kwa jani lililogawanyika hadi kikonyoni. Tumeona pia kwamba umeenea Kibera na Kawangware kwa kufuata reli, mito, nyua na majaa, na kwamba una manufaa yake na hatari zake kwa mkulima wa kiazi. Kuhusu jina, tumedai kwamba jina zuri ni lile linalobeba alama ya utambuzi na lisilompotosha msikilizaji kuhusu matumizi. Mwanabotania anauhitaji uwezo wa mwanaisimu wa kumsikiliza msemaji, na mwanaisimu anauhitaji uwezo wa mwanabotania wa kulitazama jani kwa makini. Kwale na msitu vimebaki katika majina ya mitaa hii, ingawa vyenyewe si rahisi kuviona hapo tena. Kwa mmea huu mambo yamekuwa kinyume: wenyewe upo kila asubuhi, na kinachokosekana ni jina.